Kutoka Swali la Kliniki hadi Majibu: Mwongozo Kamili wa Utafiti wa Tiba Hospitalini kwa Fedha za Umma

Mwongozo huu ni wa daktari, muuguzi, mfamasia au mtaalamu wa maabara wa hospitali ya rufaa Tanzania ambaye kila siku anaona jambo linalomsumbua akilini, na anataka kulitafutia jibu kwa fedha zilizotokana na kodi. Kodi hiyo inaweza kuwa ya Mtanzania, ya nchi za Ulaya au ya Marekani. Popote ilipotoka, wenye haki juu yake ni wengi: aliyeilipa, na mgonjwa aliyekubali kutoa damu na muda wake. Msimamo wangu ni kwamba mradi uandikwe kwa kumfikiria huyo mgonjwa tangu ukurasa wa kwanza: nauli yake, saa anazokaa kwenye benchi, na majibu anayostahili kupewa. Nimeona maandiko mazuri kisayansi yakikwama hapo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: katika kliniki ya kisukari, wagonjwa wangapi wana ugonjwa sugu wa figo bila wao kujua?

Hatua ya kwanza: swali

Swali zuri la hospitali lina sifa mbili. Jibu lake halijulikani kwa wagonjwa wa aina yako, na likijulikana litabadili kitu fulani katika tiba.

Mfano ninaopenda kuwapa wanaoanza ni utafiti wa FEAST, uliolipiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaani kodi ya Waingereza. Ulifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa upande wetu ni Hospitali Teule ya Muheza, Tanga. Watoto walifika na homa kali na mzunguko wa damu uliodorora. Iliyokuwa ikifundishwa ni kuwamiminia maji mengi ya mshipani kwa haraka. Watafiti wakauliza: je, kweli inawasaidia watoto hawa, katika hospitali hizi? Watoto 3,141 waliingia kwenye kundi kuu kabla utafiti haujasimamishwa mapema, Januari 2011, kwa ushauri wa kamati huru ya usalama. Katika saa 48 za kwanza, walikufa kama asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Desturi iliyoaminika ilikuwa ikiua, na isingejulikana bila kuuliza palepale watoto walipolazwa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, kaa na muuguzi mfawidhi wa kliniki. Mwambie swali lako kwa sentensi moja. Akikuuliza, "Daktari, tukishajua, tutafanya nini?" nawe ukakosa jibu, rudi ukalifanyie kazi.

Mfano wetu wa figo unaonyesha jinsi swali linavyorekebishwa. Wazo la kwanza la wengi ni kuwapima waliolazwa, kwa kuwa wako karibu. Hilo litakupotosha. Mgonjwa aliyelazwa na maambukizi au aliyepungukiwa maji anaweza kuwa na figo zilizoshtuka kwa siku chache tu. Ili uite ugonjwa wa figo kuwa sugu, kasoro lazima idumu zaidi ya miezi mitatu: uwezo wa figo kuchuja damu ulio chini ya mililita 60 kwa dakika (kwa mita za mraba 1.73 za mwili), au albumini, yaani protini, katika mkojo iliyofika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu. Kwa maneno mengine, unahitaji watu wa kliniki, si wa wodi, na unahitaji kila mmoja arudi kupimwa tena baada ya miezi hiyo mitatu. Uamuzi huu mmoja wa kitabibu ndio utakaotawala bajeti yako yote.

Hatua ya pili: hesabu ya watu na ya miezi

Mwone mtakwimu sasa hivi, usingoje takwimu zikusanywe. Tuseme mnakisia kwamba asilimia 30 wana tatizo, na mnataka jibu lisilopishana na ukweli kwa zaidi ya asilimia 5 kila upande. Kanuni ya kawaida inatoa hivi: 1.96 mara 1.96, mara 0.30, mara 0.70, gawanya kwa 0.05 mara 0.05. Unapata 323.

Hao 323 ni wale utakaowapima mara zote mbili. Ukikadiria kwamba mtu mmoja kati ya watano hatarudi, gawanya kwa 0.8: unahitaji kuandikisha 404.

Sasa fungua rejesta ya kliniki uhesabu kwa kidole, usikisie. Tuseme wanaofaa ni wagonjwa wapya 40 kwa mwezi, na saba kati ya kumi watakubali. Ni 28 kwa mwezi. Watu 404 watakuchukua miezi 14 na nusu, sema 15. Ongeza mitatu ya kumsubiri mshiriki wa mwisho, kisha miezi ya vibali mwanzoni na ya uchambuzi mwishoni. Mradi huu hautoshei katika ruzuku ya mwaka mmoja. Ama uombe miaka miwili, ama uongeze kliniki ya pili, ama upunguze swali. Kumwandikia mfadhili "miezi 12" huku rejesta inakataa ni kuahidi kisichowezekana kwa fedha ya watu.

Hatua ya tatu: fedha zinakotoka

Ndani ya nchi, Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inasimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE. Hutangaza wito wa maandiko, kila wito na vipaumbele vyake. Kwa anayeanza napendelea mlango huu: masharti yanaendana na mazingira yetu, na kazi ndogo iliyokamilika vizuri hufungua njia ya ruzuku kubwa.

Kwa fedha za Ulaya kuna EDCTP, ushirikiano wa nchi za Ulaya na Afrika ulioanza 2003 kwa ajili ya majaribio ya tiba, na ambao sasa uko katika awamu yake ya tatu. Uingereza ina NIHR, taasisi yake ya taifa ya utafiti wa afya, ambayo hukutaka uonyeshe jinsi wananchi walivyoshirikishwa katika kupanga utafiti, wala haitosheki na sentensi moja ya adabu. Marekani ina NIH, taasisi zake za taifa za afya. Huko kuwa mwangalifu na mabadiliko: Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku zenye fungu linalopitia taasisi moja kwenda taasisi ya nje ya Marekani mpaka utaratibu mpya uwekwe. Ikiwa mpango wako ulitegemea chuo cha Marekani kukupitishia fedha, soma tangazo la wito neno kwa neno kabla ya kupoteza wiki zako.

Jambo linalowaangusha wengi ni usajili wa taasisi. Anayeomba ni hospitali au chuo, si wewe. Kwa NIH, taasisi lazima iwe imesajiliwa katika mifumo ya serikali ya Marekani na iwe na namba zake za utambulisho. Kwa Ulaya nayo ina namba yake katika tovuti ya maombi ya Umoja wa Ulaya. Usajili huu unaweza kula wiki nyingi, na unahitaji saini za mkurugenzi. Uanze siku ile ile unayopata wazo.

Hatua ya nne: bajeti

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu bajeti ndiyo inayoonyesha kama mwandishi anaijua kliniki yake.

Anza na nauli. Katika mfano wetu, mgonjwa atarudi siku isiyo ya kliniki yake ya kawaida, pengine kutoka wilaya ya jirani, na pengine amefunga kula kwa ajili ya vipimo vingine. Mlipe nauli ya kwenda na kurudi kwa viwango halisi vya daladala na basi, na chai ya asubuhi. Weka viwango viwili au vitatu kulingana na umbali, na fomu ya kusaini ambayo mtu asiyejua kuandika anaweza kuweka dole gumba. Kamati ya maadili itakuuliza kama kiasi hicho ni kikubwa mno hata kikawa kishawishi. Jibu lako liwe hesabu ya nauli, basi.

Kisha maabara. Usihesabu bei ya kipimo kimoja mara idadi ya watu. Hesabu vipimo viwili kwa kila mtu, sampuli za kurudia, sampuli za kudhibiti ubora kila siku ya kazi, na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vitakavyopotea mashine inapowashwa upya. Agiza vitendanishi kwa awamu mbili au tatu, maana vina tarehe ya kuisha, na kuandikisha kwa miezi 15 hakuendani na boksi linaloisha muda baada ya miezi minane. Kama utahifadhi sampuli katika jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, weka fedha za betri au mafuta ya jenereta, kengele ya joto, na mtu anayelipwa kupokea simu usiku. Umeme ukikatika Jumamosi na hakuna aliyepangwa, sampuli za mwaka mzima zinaweza kuharibika kabla ya Jumatatu asubuhi.

Watu: andika asilimia ya muda wa kila mmoja. Muuguzi wa utafiti awe ameajiriwa na mradi, au awe wa kliniki aliyepunguziwa zamu kwa barua ya mfawidhi. Kumtwisha muuguzi mwenye foleni ya wagonjwa 80 kazi ya kuandikisha washiriki, ukamwahidi posho, ni kumwibia mgonjwa wa kawaida muda wake. Mfadhili hailipii hiyo gharama, ila foleni inailipa.

Gharama za uendeshaji wa taasisi hutofautiana. NIH kwa miaka mingi imekuwa ikizipa taasisi za nje ya Marekani asilimia 8. Miradi ya Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, hupata asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika. Kubaliana na uongozi wa hospitali kwa maandishi fungu hili litatumikaje. Mimi hupigania sehemu yake irudi kwenye kliniki iliyobeba kazi.

Mwisho, manunuzi. Ukiwa hospitali ya umma, fedha ya mradi kwa kawaida inafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma hata kama imetoka ng'ambo, na zabuni hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Mshirikishe mhasibu na afisa ununuzi wakati wa kuandika andiko, si baada ya fedha kuingia. Kitu usichokiweka kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka kitakuchelewesha kuliko kibali chochote. Na kwa kuwa hesabu zitapitiwa na wakaguzi wa serikali pamoja na wa mfadhili, kila risiti iwe na nakala mbili tangu wiki ya kwanza. Kumbuka pia kwamba bajeti imeandikwa kwa dola au yuro na wewe unatumia shilingi. Acha nafasi ya kupanda na kushuka.

Hatua ya tano: vibali

Mpangilio wa kawaida Tanzania Bara ni huu. Kwanza kamati ya maadili ya taasisi yako. Kisha kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1979. Kama utajaribu dawa, chanjo au kifaa tiba, unahitaji pia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na jaribio lisajiliwe katika rejesta ya umma, kwa mfano ile ya Afrika iliyoko Cape Town, kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa. Majarida makubwa ya tiba hayatapokea jaribio lililosajiliwa baadaye. Mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya, ZAHRI, na kamati yake. Cheti cha Bara hakikutoshi huko. Kwa aliyeko Kenya, ngazi zinafanana ila majina ni mengine: kamati ya maadili iliyoidhinishwa, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na Bodi ya Dawa na Sumu kwa majaribio ya dawa.

Cheti cha NIMR kina masharti nyuma ya furaha ya kukipokea, nayo si mapambo. Kwa kawaida kibali ni cha mwaka mmoja. Unatakiwa kupeleka taarifa ya maendeleo kila miezi sita kwa Wizara ya Afya, NIMR, na waganga wakuu wa mkoa na wilaya. Unatakiwa kuomba ruhusa kabla ya kuchapisha matokeo, na kupeleka nakala za makala. Weka tarehe hizi kwenye kalenda ya ukutani ya ofisi. Kwa mradi wa miaka miwili, kuhuisha kibali ni kazi ya kuanza mapema. Siku kibali kinapokwisha unasimamisha kuandikisha, hata kama mgonjwa ameshakaa kwenye kiti.

Sampuli zikitoka nje ya nchi, lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli uliopitishwa. Kwa mfano wetu sishauri kabisa: kreatinini na albumini zinapimika hapa hapa.

Hatua ya sita: ridhaa

Fomu ya ridhaa iandikwe na mtu anayezungumza na wagonjwa kila siku, kisha wataalamu waipitie, wala si kinyume chake. Haya ni maneno ninayoyaona yanafaa kwa mfano wetu:

"Mimi ni muuguzi wa hapa kliniki. Tunataka kujua watu wangapi wenye sukari wana figo zilizoanza kuharibika bila wao kujua. Ukikubali, leo tutachukua damu kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na mkojo kidogo. Baada ya miezi mitatu utarudi tupime tena, na nauli ya siku hiyo tutakulipa. Damu yako itapimwa hapa hapa hospitali. Haiuzwi wala haipelekwi kwingine. Majibu utapewa wewe. Ukikataa, daktari wako ataendelea kukutibu kama kawaida. Na ukikubali leo, kesho ukabadili nia, hakuna atakayekudai sababu."

Sentensi ya kuuza damu iwemo, wala usione haya. Hofu za mumiani ni za zamani katika pwani na bara, na mtafiti anayezikwepa anaziacha zimsubiri mtaani. Mililita tano ni kijiko cha chai, mwonyeshe kijiko.

Baada ya kusoma, usimuulize mtu kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo kwa heshima. Mwambie, "Mama, hebu nisimulie tutafanya nini." Mara nyingi utasikia: "Mwanangu, mtanipima figo, zikiwa mbaya mtanipa dawa bure." Hapo umegundua kwamba hajapata alichohitaji kujua. Mweleze tena: mradi unapima na kumpeleka kwa daktari wa figo, dawa zitafuata utaratibu wa kawaida au wa bima yake. Kama hilo linamfanya akatae, amekataa kwa haki.

Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa mradi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, na mtoto mwenye akili ya kuelewa naye aulizwe. Katika dharura kuna njia nyingine, lakini lazima kamati ya maadili iipitishe mapema: katika FEAST, mzazi aliyefika na mtoto mahututi alielezwa kwa ufupi na kukubali kwa mdomo, maelezo kamili na saini vikafuata mtoto alipotulia.

Hatua ya saba: kuendesha kazi

Kabla ya kuanza rasmi, fanya majaribio ya dodoso kwa wagonjwa wachache wa kliniki nyingine. Utagundua swali linalochukua dakika nane na lisilotumika popote. Lifute.

Kila mshiriki awe na namba. Daftari linalounganisha namba na jina likae kwenye kabati la kufungwa, mbali na vishikwambi vya kukusanyia taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu moja kwa moja, kwa kuwa taarifa za afya ni nyeti. Picha za majalada kwenye makundi ya WhatsApp ni marufuku, hata kwa "kuharakisha majibu". Fanya nakala rudufu kila siku ya kazi, na mara moja kwa mwezi jaribu kuifungua hiyo nakala uone kama inafunguka.

Kila Ijumaa timu ikae nusu saa na karatasi moja: wangapi walifaa, wangapi walikubali, wangapi walikataa na kwa nini, wangapi walitakiwa kurudi na wangapi walirudi. Msimu wa kilimo na wa mvua nyingi idadi itashuka. Panga kupiga simu siku tatu kabla ya tarehe, na chukua namba ya ndugu wa pili tangu mwanzo, maana laini hubadilishwa.

Itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, iseme pia nani anaitwa kipimo kikitoka cha hatari. Mtu ambaye potasiamu yake au kreatinini yake inatisha hasubiri miezi mitatu ili takwimu zako ziwe nzuri. Anapigiwa simu siku hiyo hiyo, na tukio linaandikwa.

Hatua ya nane: kurudisha majibu

Majibu ya mtu mmoja mmoja yatolewe kadiri yanavyopatikana, kwa faragha, na barua ya rufaa ikiwa mkononi. Majibu ya jumla yatolewe kwanza hapo hapo kliniki: katika mkutano wa asubuhi wa hospitali, na kwenye karatasi moja ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani wanapokaa wagonjwa, ikisema tulipima wangapi, tulikuta nini, na kuanzia sasa kipi kinabadilika. Kama mmekubaliana kwamba kila mwenye kisukari apimwe albumini ya mkojo mara moja kwa mwaka, andikeni hivyo, na hakikisheni vitendanishi vimo kwenye maoteo ya mahitaji ya hospitali ya mwaka ujao.

Makala ichapishwe mahali inaposomeka bure. NIH, kuanzia Julai 2025, na miradi ya Horizon Europe hudai hivyo bila kungoja, na mganga wa Nzega hana fedha ya kulipia jarida. Majina ya wauguzi na wataalamu wa maabara waliofanya kazi ya kiakili yawe kwenye orodha ya waandishi, si kwenye shukrani tu. Mambo haya mkubaliane kwa maandishi kabla ya takwimu kuanza kukusanywa.

Yaliyobaki ni makabidhiano. Jokofu, vishikwambi na mashine vikabidhiwe hospitali kwa barua yenye namba za vifaa, tarehe ya matengenezo yanayofuata, na jina la cheo kinachohusika, na nakala iende kwa afisa ununuzi na kwa mfadhili. Majalada ya ridhaa yafungwe kwenye maboksi yenye tarehe ya kuteketezwa iliyotajwa katika itifaki, na ufunguo ukabidhiwe kwa saini.